Jumapili Walipomwendea Mfalme Wakiimba

Somo la juma: 1 Wafalme 12:1–20

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nimekaa na habari ya mfalme Rehoboamu, mwana wa Sulemani, kule Shekemu, na kila nilipoisoma mawazo yalinipeleka kwenye Jumapili moja ya Urusi. Ilikuwa tarehe 9 Januari 1905 kwa kalenda waliyoitumia wao, 22 Januari kwa kalenda yetu. Naomba tuitazame pamoja bila haraka. Tukisikia mapinduzi ya Urusi tunamkumbuka Lenin, bendera nyekundu na makanisa yaliyofungwa. Hayo yalikuja baadaye. Miaka 12 kabla yake kulikuwa na padri, msafara wa waumini, na wimbo wa kumwomba Bwana awaokoe watu wake.

Padri huyo aliitwa Georgy Gapon, wa Kanisa la Kiorthodoksi, naye aliongoza chama cha wafanyakazi wa viwandani katika mji mkuu, Saint Petersburg. Siku hizo sheria iliruhusu mtu afanyishwe kazi saa 11 na nusu kwa siku. Kugoma kulikuwa kosa la jinai. Mwishoni mwa mwaka 1904, kiwanda kikubwa cha Putilov, kilichotengeneza vyombo vya reli na mizinga, kiliwafukuza wafanyakazi wanne wa chama hicho. Wenzao wakaomba warudishwe, wakakataliwa. Mgomo ukaanza Januari, ukasambaa kiwanda kwa kiwanda, hata watu zaidi ya laki moja wakaweka zana chini.

Hapo ndipo walipofanya jambo ambalo mpaka leo linanigusa. Waliamua kwenda kwa baba yao. Mrusi wa kawaida aliamini kwamba Tsar, yaani mfalme wao, ni baba aliyewekwa na Mungu, na kwamba mabaya yote yanafanywa na maofisa wanaomficha ukweli. Akijua tu, ataokoa. Wakaandika waraka wakijitaja wao, wake zao, watoto wao na wazazi wao wazee, wakasema wamekuja kwake kutafuta haki na ulinzi. Waliomba siku ya kazi iwe ya saa nane, wapate ujira wa kumtosha mtu kuishi, vita na Japani vikome, na wananchi wachague wawakilishi wao. Waliandika pia kwamba mbele yao zimebaki njia mbili tu, uhuru na heri, au kaburi.

Asubuhi ya Jumapili wakavaa nguo zao nzuri. Walibeba ikoni, yaani picha takatifu, misalaba na picha za Tsar mwenyewe. Walikuja na watoto. Wakaanza kutembea kwenye theluji kutoka pande mbalimbali za mji kuelekea Jumba la Majira ya Baridi, kasri la Tsar mjini, wakiimba. Msafara wa Gapon ulipofika Lango la Narva, askari wakafyatua risasi. Hata maofisa wa polisi waliokuwa wakitembea mbele ya msafara walikumbwa na risasi hizo. Gapon alisimulia baadaye kwamba mzee aliyebeba picha ya mfalme alianguka, na mwingine akaichukua picha ile akasonga nayo, naye akaanguka. Iliendelea hivyo sehemu mbalimbali za mji mchana ule. Serikali yenyewe ilikiri vifo takribani 130, na wengine walihesabu mamia.

Tsar Nikolai wa Pili hakuwepo. Alikuwa kwenye kasri lake la Tsarskoye Selo, nje ya mji. Lakini hatuwezi kusema kwamba hakujua, maana usiku uliotangulia waziri wake wa mambo ya ndani alikwenda kumweleza hatua zilizochukuliwa, na yeye akaandika katika shajara yake kwamba wafanyakazi wanaongozwa na padri mmoja msoshalisti. Jumapili jioni akaandika tena: siku nzito, Bwana, inauma na ni huzuni namna gani! Naamini aliandika kwa moyo. Hili ndilo lililonizuia usingizi. Mtu huyu alisali na kufunga, aliwapenda mke na watoto wake, na hata siku hiyo alilitaja jina la Bwana. Ila watu waliomjia na jina hilohilo midomoni hakuwasikia.

Siku kumi baadaye walichaguliwa wafanyakazi 34 wakapelekwa kasrini. Akawasomea hotuba, akawaambia anaamini uaminifu wao kwake, na kwa hiyo anawasamehe kosa lao. Wapendwa, someni tena mstari huo polepole. Watu wametoka kuzika ndugu zao, na baba yao anawasamehe.

Sasa turudi Shekemu. Tunapenda kuihubiri habari ya Rehoboamu kama kisa cha kijana aliyefuata ushauri wa vijana wenzake, ikaishia hapo. Lakini angalia walichoomba watu. Hawakuja kuipindua nyumba ya Daudi. Walisema baba yako alilifanya kongwa letu zito, utupunguzie, nasi tutakutumikia. Hawakuomba hata liondolewe, waliomba lipunguzwe. Wazee wakamshauri awe mtumishi wao siku moja tu, awajibu kwa maneno mazuri, nao watakuwa watumishi wake siku zote. Akapewa siku tatu. Siku ya tatu akawajibu kwa ukali, kwamba baba yake aliwapiga kwa mijeledi, lakini yeye atawapiga kwa nge.

Kisha kuna jambo katika mstari wa 18 ambalo huwa tunalipita. Watu walipokwisha kuondoka kwa hasira, Rehoboamu alimtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa, yaani kazi za kulazimishwa. Kati ya watu wote wa nyumba yake, alimtuma yule aliyekuwa sura ya mzigo wenyewe! Wakampiga kwa mawe akafa. Mfalme akakimbilia gari lake.

Nikolai hakupewa siku tatu. Alipewa miaka zaidi ya ishirini. Alirithi kiti mwaka 1894. Januari ya 1895 wajumbe wa mabaraza ya mikoa walikuja kumpongeza, na baadhi yao walikuwa wameomba kwa unyenyekevu kwamba sauti ya wananchi ifike kwake. Aliwaambia hizo ni ndoto zisizo na maana, na kwamba ataulinda utawala wa mtu mmoja kama alivyoulinda marehemu baba yake. Alikuwa na miaka 26. Mwaka uliofuata, kwenye sherehe za kutawazwa kwake, umati ulikusanyika uwanja wa Khodynka, Moscow, kupokea zawadi za mkate, soseji na kikombe. Watu wakakanyagana, wakafa zaidi ya 1,300. Usiku ule mfalme alikwenda kucheza dansi kwa balozi wa Ufaransa, kwa kushauriwa kwamba asipokwenda atawavunjia heshima wageni. Baadaye waliojeruhiwa aliwatembelea hospitalini. Lakini waliofiwa walikumbuka dansi.

Vijijini nako mambo yalikuwa hivyohivyo. Babu yake, Aleksandr wa Pili, aliwaachia huru watwana mwaka 1861, tendo jema kabisa, lakini ardhi waliyoilima wakatakiwa kuilipia kwa miaka 49. Fikiria mtu anazaliwa akiwa na deni la uhuru wa babu yake. Yakobo anaposema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na vilio vimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi, mimi nawaona wakulima hao.

Na kanisa? Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu ni nyumba yetu. Tangu mwaka 1721, wakati wa Petro Mkuu, Kanisa la Urusi liliondolewa patriaki wake, yaani askofu wake mkuu, likawekwa chini ya sinodi iliyosimamiwa na ofisa wa serikali asiye kasisi. Kwa miaka karibu 200 sauti ya kanisa ikawa sauti ya ikulu. Wapo mapadri wengi waliokula njaa pamoja na waumini wao. Lakini kwenye meza ambapo Nathani alipaswa kumwambia Daudi “wewe ndiwe mtu huyo”, Nathani alikuwa mwajiriwa. Kanisa linaloweza kumwombea mfalme tu, lisiweze kumwonya, halimsaidii hata mfalme mwenyewe.

Nafasi za kusikia ziliendelea kuja. Oktoba 1905, nchi yote ikiwa imesimama kwa migomo, alitoa ilani iliyoahidi uhuru na bunge, Duma. Duma ya kwanza ilifunguliwa Aprili 1906, akaivunja kabla ya miezi mitatu. Mwaka 1912 wachimba dhahabu wa mto Lena, kule Siberia, waligoma, na moja ya mambo yaliyowachosha ilikuwa nyama iliyooza waliyouziwa. Askari wakawapiga risasi, wakaua watu wengi. Waziri akasimama bungeni akasema ilikuwa hivyo na itaendelea kuwa hivyo. Ukisikia kauli kama hiyo unakumbuka nge wa Rehoboamu.

Halafu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mamilioni ya wakulima wakapelekwa mstari wa mbele, mkate ukaadimika mjini. Tarehe 23 Februari 1917 kwa kalenda yao, Siku ya Wanawake, akina mama wa viwanda vya nguo walitoka barabarani katika mji huohuo, wakati huo ukiitwa Petrograd. Walikuwa wamechoka kupanga foleni za mkate kwenye baridi. Wafanyakazi wa Putilov, walewale, walikuwa wamefungiwa milango ya kiwanda siku moja kabla. Mfalme akatuma simu ya maandishi kutoka makao ya jeshi: fujo zikomeshwe kesho. Na kesho yake ilikuwa Jumapili. Askari wakapiga risasi tena, kikosi cha Volynsky miongoni mwao.

Lakini Jumatatu asubuhi kikosi hicho kilikataa kutoka. Wale askari walikuwa watoto wa wakulima, na waliokuwa kwenye foleni wangeweza kuwa mama zao. Vikosi vingine vikafuata. Tarehe 2 Machi, ndani ya behewa la treni pale Pskov, baada ya majenerali wake mwenyewe kumshauri aachie, Nikolai alitia saini kuacha kiti ambacho ukoo wake ulikikalia kwa miaka 304. Mwaka 1905 watu walimletea picha yake mikononi. Mwaka 1917 picha zile zilikuwa zinashushwa ukutani.

Sitaki mtu asome hapa nikisifia yaliyofuata. Yeroboamu naye, aliyeongoza watu waliokuwa na lalamiko la haki, alipopata ufalme alitengeneza ndama wawili wa dhahabu, mmoja Betheli na mmoja Dani. Bolsheviki, chama cha Lenin, walipokamata madaraka Oktoba ya mwaka ule walileta mzigo wao, na ulikuwa mzito. Julai 1918 waliwaua kwa risasi Nikolai, mke wake, binti zao wanne na mtoto wao mgonjwa Aleksei, kule Yekaterinburg, usiku, katika chumba cha chini ya nyumba. Baadaye maelfu ya mapadri, watawa na waumini wakauawa. Hakuna haki katika damu ya watoto wale, kama ambavyo hapakuwa na haki katika damu ya watoto wa Jumapili ile. Kanisa la Urusi liliwatangaza Nikolai na familia yake kuwa watakatifu mwaka 2000 kwa namna walivyoyapokea mateso yao kwa uvumilivu. Mimi nawaombolezea wote, wa theluji na wa chini ya nyumba.

Kinachobaki moyoni mwangu ni ile barua na ule wimbo. Kuna wakati ambapo mtu anayelemewa bado anakuja. Bado anakuita baba, bado anabisha hodi, amevaa vizuri, amechagua maneno ya heshima. Lalamiko lake wakati huo ni aina ya imani, maana huwezi kumlalamikia mtu usiyemtumaini tena. Siku atakapoacha kulalamika tutasema mambo yametulia.

Naandika hivi kwa sababu limenipata. Miaka minne iliyopita, nikiwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi katika usharika nilioutumikia, akina mama watano walinijia baada ya ibada. Walikuwa na barua iliyokunjwa vizuri. Waliomba michango ya ujenzi ipunguzwe kwa wajane, kwa sababu wengine walikuwa wanakopa ili majina yao yasisomwe mbele ya kanisa kwamba hawajatoa. Niliwashukuru. Niliwaambia tutaijadili. Nikawaambia pia, na hili ndilo linaloniuma, kwamba nawasamehe kwa kupita nje ya utaratibu. Barua haikusomwa kwenye kikao. Jengo likakamilika, tukaliweka wakfu kwa shangwe, na katika wale watano, wawili hawakuonekana tena ibadani. Hakuna aliyeniuliza. Hawakugombana na mtu.

Juzi nikisoma 1 Wafalme 12 nililifungua sanduku la makaratasi nikaikuta barua ile, kati ya risiti za saruji. Mwandiko ni wa mama mmoja aliyekuwa akiimba sauti ya pili kwaya ya akina mama. Bado anaishi kitongoji kilekile. Jumatano nitakwenda kwake, na sitakwenda na katibu wala mhazini, nitakwenda mwenyewe na barua yake mkononi. Sijui kama atanifungulia mlango. Niombeeni.