Sikio la sufuria

Agosti 2014 nilikuwa na miaka 19, mwaka wa tatu kwenye karakana ya kuchomelea vyuma ya ami yangu pale Mtoni, Unguja. Mageti na madirisha ya kuchomea kwa fimbo, vile vijiti vya welding, nilikuwa nayaweza. Ndipo ami akaleta mashine ya TIG, ya kuchomea kwa ncha ya tangsteni, mtumba, pamoja na mtungi mmoja wa argoni, gesi ya kuukinga mshono na hewa, uliovuka na boti kutoka Dar es Salaam. Yeye kazi hiyo aliisomea Maskati ujanani. Mimi nilikuwa sijawahi hata kuishika tochi yake.

Kosa la kwanza lilitokana na mazoea. Kwenye fimbo, kishikio tulikuwa tukikichomeka kwenye mashine penye alama ya kujumlisha. Tochi nayo nikaichomeka hapo hapo. Ncha ya tangsteni niliyoinoa kwa subira ikavimba, ikawa tone, ikadondokea kwenye chuma.

"Tia kwenye kutoa, mwanangu," ami akasema. "Ikikaa kwenye kujumlisha, moto mwingi unarudi kwenye ncha."

Nikageuza, nikaweka DC, mkondo wa umeme usiogeuka, ampia 110 kwa bati la chuma la milimita 3, na mshono ukaanza kutembea. Stenlesi ikafuata, nayo ilitaka ampia pungufu kidogo kwa unene ule ule, kwa kuwa joto halikimbii ndani yake, linakaa pale pale ulipochoma. Mshono ukitoka rangi ya dhahabu umepatia, ukitoka kijivu umeuunguza. Yangu ilitoka kijivu, tena ina vitundu. Kusi ilikuwa ikivuma moja kwa moja hadi mezani na kuipeperusha gesi. Nikaipandisha geji ya gesi mpaka lita 20 kwa dakika, ikawa mbaya zaidi: gesi ikitoka kwa kasi hiyo hujisokota na kuvuta hewa ndani. Tukatundika jamvi kuukuu mlangoni, tukarudi lita 8, dhahabu ikaonekana.

Alhamisi likaja sufuria.

Lilikuja kwa gari la ng'ombe, sufuria la biriani, alumini nene, limeng'oka sikio moja. Mwenyewe alikuwa bi mmoja wa mtaa wa pili.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Jumapili naozesha. Litashika hilo?"

Nikamwambia litashika. Ami alikuwa mjini, Malindi, kutafuta vifaa, na sikutaka bi yule aondoke na wasiwasi.

Nikachoma kwa DC, vile vile nilivyochoma stenlesi. Alumini haikuyeyuka kama nilivyotarajia. Ilijikunja juu, ikafanya utando kama malai ya maziwa, kijivu na chafu, huku ndani yake kitu kinatikisika. Nikaongeza ampia. Chuma huwa chekundu kikakuonya, alumini haikuonyi. Ghafla kipande kikaanguka chini, nami nikabaki nalitazama tundu la ukubwa wa sarafu kwenye sufuria la harusi ya mwana wa mtu. Mikono ilinitetemeka.

Ami aliporudi alilipitisha kidole lile tundu, akaniuliza jambo moja tu: "Umelisafisha?"

Sikuwa nimelisafisha. Akanieleza, na maneno yale nayakumbuka kila ninapoigusa alumini. Alumini yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini imevaa ngozi ya oksaidi inayotaka zaidi ya nyuzi 2,000. Kwa DC ile unaipika nyama ndani ya ngozi isiyopasuka. Ukiweka AC, mkondo unageuka huku na huku: zamu moja unaivunja ngozi, zamu ya pili unayeyusha.

Usafi ulituchukua mchana kutwa. Sufuria lile lilikuwa limenywa samli na moshi wa shughuli za miaka. Tulisugua kwa brashi mpya ya stenlesi isiyowahi kugusa chuma, tukafuta kwa asetoni, tukalipasha moto, mafuta yakatoka tena, tukafuta tena. Kisha AC, ampia 150, na waya wa alumini. Nilipokanyaga pedali ya kuongeza mkondo, kidimbwi cha alumini iliyoyeyuka kikafunguka kinang'aa kama zebaki, na pembeni yake mstari mweupe ambao ngozi imeondoka. Sijawahi kuona kitu kizuri vile kwenye kazi hii. Tundu nikalijaza kutoka ukingoni kuja katikati, nikipunguza mguu kadiri sufuria lilivyopata moto. Halafu sikio.

Jumapili nilikwenda nyuma ya nyumba walikopikia. Wanaume wanne walizungushia magunia kwenye masikio, wakasema bismillahi, wakalinyanyua sufuria kutoka kwenye mafiga likiwa limejaa. Wengine walikuwa wakiutazama wali. Mimi nilitazama mshono mpaka lilipotua chini.

Bi akaja na upawa, akaligonga lile sikio mara mbili, akaanza kupakua.