Namna nilivyozipanga nyimbo za Cuban Marimba kwa nyakati zake

Mjomba wangu aliniachia sanduku la santuri na kaseti za bendi za dansi za Morogoro, na karibu zote hazikuwa na mwaka. Katikati ya kila santuri paliandikwa jina la wimbo, jina la bendi, chapa ya kampuni na namba, basi. Kwenye kaseti alizojirekodia mwenyewe kutoka redioni hapakuwa na kitu isipokuwa neno "dansi". Nilitaka kuzipanga nyimbo za Cuban Marimba kwa kufuata wakati zilipopigwa, kwa sababu anayezisikiliza zikiwa zimechanganyika hupata burudani lakini haoni bendi ilivyokua.

Cuban Marimba ilikuwa bendi ya Salum Abdallah Yazidu, ambaye mashabiki walimfupisha kuwa SAY. Alizaliwa mwaka 1928, akakulia katika kipindi ambacho santuri za Cuba zenye alama ya GV, zilizoanza kuuzwa Afrika mwaka 1933, zilikuwa zikipigwa katika miji mingi ya Afrika Mashariki, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa tayari anaongoza bendi yake pale Morogoro. Alifariki kwa ajali ya gari mwezi Novemba 1965, naye Juma Kilaza akashika uongozi. Msiba huo ndio ulionipa mpaka wa kwanza: wimbo wowote unaoongozwa na sauti ya Salum hauwezi kuvuka mwaka 1965, hata ukipigwa leo redioni.

Mpaka wa pili niliupata katika mashairi yenyewe. Bendi za wakati ule ziliimba siasa bila kificho, kwa hiyo jina la nchi hutajwa mara kwa mara, nalo lilibadilika. Wimbo unaoitaja Tanganyika kama nchi yetu niliuweka upande wa kabla ya Muungano wa Aprili 1964. Jina Tanzania lilitangazwa mwezi Oktoba mwaka huohuo, na Salum alibakiza takriban mwaka mmoja tu wa kuishi. Maana yake, anapoimba "Wanawake wa Tanzania" tunamsikia akiwa katika miezi yake ya mwisho, ingawa sauti yenyewe haina dalili yoyote ya mtu anayeaga. Sijui kama kuna ushahidi wa maandishi ambao ungenipa uhakika mkubwa zaidi ya huo.

Kabla ya hayo yote ilinibidi nihakikishe kwamba ninayemsikia ni Salum kweli. Santuri nilizisafisha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini, nikiepuka spiriti kwenye zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, kwa kuwa spiriti huziyeyusha. Tabu kubwa ilikuwa kaseti. Ikirekodiwa kwenye redio ambayo betri zake zimechoka, utepe hupita polepole, na ukija kuupiga kwenye mashine yenye umeme kamili wimbo hukimbia na sauti ya mwimbaji hupanda, hata mtu mzima akasikika kama kijana. Dawa yake ilikuwa kutafuta wimbo uliomo katika kaseti na pia katika santuri, kulinganisha magitaa ya pande zote mbili, kisha kuipunguza kasi kaseti nzima kwa programu ya kompyuta hadi vilingane. Tangazo la mtangazaji, kwa upande mwingine, halisaidii sana. Anayesema "Radio Tanzania Dar es Salaam" anatuambia wimbo ulirushwa lini, wala si ulipigwa lini, maana redio ilizihifadhi kanda zake na kuzirudia kwa miaka mingi.

Nyimbo zilizobaki bila jina la nchi wala sauti ya Salum nilizipeleka kwa wazee. Niligundua upesi kwamba kumwuliza mzee mwaka ni kumchosha bure. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye katika ujana wake hakukosa dansi, nilipomwamkia na kumpigia wimbo wa kwanza alinikatiza: "Mwanangu, mimi miaka siijui, lakini huu nimeucheza nikiwa na mimba ya kaka yako mkubwa." Huyo anayemwita kaka yangu alizaliwa mwaka wa Azimio la Arusha, yaani 1967, kwa hiyo wimbo ukahamia mara moja katika zama za Kilaza. Tangu hapo nikawa nauliza: ulikuwa umeshaolewa, ulikuwa unakaa mtaa gani, mliingia ukumbini kwa shilingi ngapi? Majibu yaliyotoka kwa watu wasiojuana yakielekea kipindi kimoja, niliyakubali. Yakipingana, wimbo nao ulingoja.

Wazee hao pia walinisaidia kuwatoa wageni sandukuni. Mji ule uligawanyika kati ya Cuban Marimba na Morogoro Jazz kama unavyogawanyika leo kwa Simba na Yanga, na mjomba alirekodi zote bila kubagua. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz halimsumbui mtu anayelifahamu, kwani hupewa nafasi ndefu ya kutamba peke yake, ilhali kwa Salum wimbo husukumwa zaidi na waimbaji na kiitikio. Kwa maoni yangu, sifa nyingi alizopewa Mbaraka, ambazo anazistahili, zimemfunika Salum kupita kiasi, labda kwa kuwa Mbaraka aliishi hadi 1979 na santuri zake zikasambaa sana Kenya.

Sasa nyimbo zimekaa katika mafungu: za Tanganyika, za Tanzania chini ya Salum, na za Kilaza. Lipo pia fungu la zile ambazo wazee wanabishania, na humo umo wimbo mmoja ambao bibi yule anashikilia kuwa ulipigwa Salum akiwa hai. Mimi namsikia Kilaza akiongoza, naye ananiambia nikamsikilize vizuri yule anayeitikia.