Nilivyoinakili picha ya "Harusi ya Wakulima" na mguu ulionitoa jasho

Aliyenishauri nianze na nyuso, Mungu amsamehe. "Ukizipata sura umemaliza kazi," aliniambia, na vyeti vya uchoraji anavyo. Nikaanza na bibi harusi. Akatoka vizuri: mashavu mekundu, mikono kaikunja, macho kama anasinzia. Nikawapanga wageni wa kushoto. Kufika kwa wabeba chakula, nafasi hakuna! Wale jamaa wawili wa mbele ndio wakubwa kuliko wote, nami nimebakiwa na upana wa kiganja. Plaiwudi nzima nikaipaka nyeupe upya.

Picha halisi aliichora Pieter Bruegel Mzee karibu mwaka 1567, ipo jumba la makumbusho la Kunsthistorisches hapa Vienna. Ina sm 114 kwa 164. Yangu nusu ya hapo. Rangi na brashi zilimeza kama hela ya chakula ya wiki.

Safari hii nikaanzia kwenye mlango, yaani ule uliong'olewa bawabani ukageuzwa sinia la mabakuli ya uji. Ukikaa sawa huo, meza inajipanga yenyewe: inaanzia kulia karibu yako, inakimbilia kushoto nyuma kwa watu wanaosukumana kuingia ghalani.

Sasa, mguu. Chini ya mlango ule upo mmoja wa ziada. Nilihesabu nikarudia, mbebaji anaonekana ana miguu mitatu! Nikaufuta. Mara mzigo wote ukaanza kuelea hewani. Nikaurudisha haraka. Wataalamu wabishane ni wa nani, mimi najua kazi yake: umebeba ule mlango.

Rangi zikikushinda, geuza picha kichwa chini. Hapo huoni tena wageni, unaona madoa tu, na kofia nyekundu ya mtoto anayelamba bakuli inakurukia machoni. Unyoya wake wa tausi niliutia kwa kijiti cha meno.

Mpiga zumari ya mfuko nilimchora kwa huruma. Anapuliza huku macho yako kwenye chakula. Nimepiga kinanda harusini pilau ikinipita, namwelewa.

Wageni wangu wote wanauliza bwana harusi yuko wapi. Shemeji anashikilia ni yule anayemimina bia. Akiniambia mtu ni yule mtawa wa mwisho wa meza simkubalii, na bibi harusi mwenyewe hasemi.