Binti Yangu Anataka Kukimbia na Mimi

Jumapili usiku. Watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, kesho shule.

Alhamisi nilimwambia binti yangu mkubwa "hapana", na mpaka sasa neno hilo halijanitoka moyoni. Niliposhuka kwenye mswala baada ya swala ya alfajiri nilimkuta amesimama sebuleni gizani, amevaa nguo zake za michezo, raba zimefungwa kamba vizuri kabisa. Ana miaka 11. Huyu ni mtoto ambaye siku za shule naita mara nne ndipo ageuke ubavu. Siku hiyo kaamka mwenyewe.

"Mama, na mimi nataka kukimbia."

Nikamwambia hapana, rudi kalale. Hakubisha. Alivua raba moja, kisha ya pili, akazipanga pembeni ya zangu mlangoni, akarudi chumbani. Mimi nikavaa zangu nikatoka.

Nilikimbia vibaya. Miguu mizito kama nimekanyaga udongo wa masika, na picha ya zile raba ndogo zimekaa ubavuni mwa zangu ikanifuata mpaka Raskazone na kurudi.

Wanaonijua wanajua njia yangu. Natoka kwetu Ngamiani, hapa Tanga, barabara ya 13, nazipita barabara moja moja kuelekea relini. Saa 11 na nusu hivi bado kuna giza, taa ni za misikiti na za wanaokaanga vitumbua. Nikishavuka reli, mji unabadilika: njia pana, kimya, baiskeli chache za watu wanaowahi Deep Sea kununua samaki. Nashuka hadi bustani ya Jamhuri, hapo bahari inafunguka, na kama nimetoka kwa wakati, ndio kwanza kisiwa cha Toten kinaanza kujichora majini. Kisha naifuata barabara ya pwani, napita hospitali ya Bombo wauguzi wa zamu ya usiku wakisubiri bajaji za kurudi nyumbani, mpaka Raskazone kwenye geti la klabu ya kuogelea. Naligusa lile geti kwa kiganja, nageuza. Ni zaidi kidogo ya kilomita saba, kwenda na kurudi, na sina mbio za kusifiwa. Hivi sasa ni maleleji, kusi limeshalegea, na bahari asubuhi imetulia kama imemwagiwa mafuta.

Kipimo changu cha mwendo ni shikamoo. Ukikimbia Tanga alfajiri unapishana na wazee wanaotoka msikitini, na mzee hapitwi kimya. Kwa hiyo naamkia njia nzima. Nikiona "shikamoo" inakatika katikati kwa kukosa pumzi, najua nimezidisha, napunguza. Makocha nao husema hivyohivyo kwa maneno yao, kwamba mbio nyepesi ni zile unazoweza kukimbia huku unaongea. Mimi nilifundishwa na wazee wa Ngamiani kwa kuniitikia marahaba.

Siku za mwanzo nilizua taharuki. Kwetu mwanamke akionekana anakimbia alfajiri, mtandio kichwani, watu wanajua kuna mgonjwa kazidiwa au kuna msiba. Bibi wa vitumbua wa barabara ya 9 aliacha karai lake akanifuata: "Mwanangu, kuna nini? Nani?" Nikasimama nikamweleza kwamba nafanya mazoezi tu. Akashusha pumzi, akanishika mkono. Sasa nikipita ananiombea dua.

Lakini haikuanza na mazoezi. Ilianza na uongo.

Miaka miwili iliyopita mdogo wetu alikuwa bado ananyonya, wa kati ndio anaanza shule, na mimi nafundisha darasa la watoto zaidi ya sabini. Kuanzia asubuhi mpaka jioni naitwa "mwalimu", kuanzia jioni mpaka asubuhi naitwa "mama". Nayapenda majina yote mawili, nayasema kwa moyo wangu wote. Ila siku moja natoka kazini, badala ya kupanda bajaji ya nyumbani nilijikuta nimekaa kwenye ukuta pale Jamhuri nikitazama mashua. Nilikaa dakika kumi, pengine kumi na tano. Sikufikiria chochote. Nilipofika nyumbani mume wangu akaniuliza mbona nimechelewa, nikamjibu kikao kilirefuka.

Usiku ule sikulala. Tumeoana miaka 13 na sijawahi kumdanganya juu ya pesa wala ndugu. Leo nimemdanganya kwa sababu ya kukaa ukutani dakika kumi! Nikajiuliza, hivi kitu hiki ninachokiiba, nimewahi kukiomba?

Sikuwahi. Baba watoto jioni huenda kijiweni kuangalia mpira na wenzake, na simlaumu, anarudi kacheka, kachangamka. Hakuna siku aliyoomba ruhusa na hakuna siku niliyomuuliza. Mimi nilikuwa nasubiri mtu anione nimechoka anipe nafasi. Wanawake wengi tunasubiri hivyo, wengine mpaka tunazeeka, na kinyongo kinakaa kifuani kama kohozi.

Basi nikamwambia ukweli wa ukutani. Alinyamaza kidogo. Nikaendelea: nataka saa moja, alfajiri, siku nne kwa wiki. Akauliza, "Na watoto nani atawaamsha?" Nikasema wewe. Yeye ni fundi umeme, kazi zake huanza saa 2. Wiki ya kwanza uji uliungua, wa kati akaenda shule na soksi za rangi mbili. Nilirudi nikaona, nikauma ulimi, sikushika mwiko. Naamini kama ningeshika mwiko asubuhi ile, mambo yangeishia palepale. Leo uji wa baba yao una karanga na ndimu, na watoto wanausifia kuliko wangu.

Raba nilinunua mtumbani kwa elfu ishirini na tano.

Watu huniuliza najiandaa na marathoni gani. Sijiandai na yoyote. Nakimbia kwa sababu pale katikati ya Bombo na Raskazone kuna kipande ambacho hakuna mtu duniani anayenihitaji. Hakuna wa kumfunga kamba za viatu, hakuna daftari, hakuna anayeniuliza sukari iko wapi. Mawazo yanakuja yenyewe hadi mwisho bila kukatwa katikati. Mama yangu alipofariki, nililia kwenye kipande hicho mara nyingi kuliko nilivyolia nyumbani, maana nyumbani nikidondosha chozi moja watoto watatu wananizunguka nami naanza kuwabembeleza wao.

Hicho ndicho nilichokuwa nakilinda Alhamisi.

Najua pia alichokuwa anakitaka yeye. Tangu Septemba 2025, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, nyumba yetu haijatulia. Ilikuwa Jumatatu, mbio ziliisha sisi tumelala, na asubuhi baba yao akatuonyesha kwenye simu kabla ya chai. Simbu na Mjerumani Amanal Petros wanaingia mstari mmoja, wote saa 2, dakika 9 na sekunde 48, Mtanzania yuko mbele kwa sehemu tatu tu kati ya mia za sekunde moja. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Binti yangu aliirudia ile video mpaka bando likaisha. Alikuwa anaangalia kifua, namna Simbu anavyojirusha mbele hatua ya mwisho. Jioni akawa anajirusha hivyohivyo kwenye pazia la sebuleni. Na katika nyumba hii anayekimbia ni mmoja tu, mama yake. Angemfuata nani tena?

Ijumaa usiku nilimwita jikoni tukiwa wawili. Nikamwambia, mwanangu, nilikosea. Si kukosea kukataa, nilikosea kukukataa bila kukueleza. Nikamweleza kama ninavyoandika hapa, kwa maneno ya kimo chake: kwamba mama ana saa yake, kwamba ndani ya saa hiyo mama hamkimbii mtu, na kwamba hata yeye siku moja atataka saa yake na asione haya kuiomba. Alisikiliza huku anachambua mchele. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kwa hiyo tukikuita unachoka?"

Moyo ulinishuka. Nikaacha kisu. Nilitaka kumjibu haraka "hapana, kabisa", kama mama yeyote. Nikamwambia ukweli: kuna wakati nachoka, mama, kama wewe unavyochoka kumbeba mdogo wako na bado humtupi. Akafikiri. Akacheka kidogo, akasema, "Yule mzito."

Tukakubaliana Jumamosi ni yetu wawili. Siku zile nne zinabaki zangu.

Jana tukatoka. Alianza kama mshale, nikamwambia taratibu, hakusikia, kufika relini ameshika kiuno. Nikamfundisha kipimo cha shikamoo. Basi akawaamkia wazee wote, hata waliokuwa upande wa pili wa barabara, na bibi wa vitumbua alimpa viwili vya moto kwenye gazeti, tukalazimika kutembea. Aliongea njia nzima. Kuna msichana darasani ambaye siku hizi hakai naye. Alinieleza alichoambiwa na namna alivyojifanya hajasikia. Mambo hayo yana wiki tatu na nyumbani hakuwahi kuyagusa. Kisiwa sikukiona, na kama bahari ilikuwa imekupwa au imejaa siwezi kukwambia. Hatukufika Raskazone, tuliishia bustanini, tukakaa kwenye ukuta uleule, yeye akining'iniza miguu, akamalizia kitumbua changu.

Mapajani anaumwa leo, anashuka kitini kama mzee. Anajivunia.

Kabla sijakaa kuandika nilipita mlangoni kuziweka tayari raba zangu za kesho. Zake hazipo. Amezihamishia chini ya kitanda chake, soksi safi zimekunjwa ndani, zinasubiri Jumamosi.