Samaki wa Bima

"Nyumba imeezekwa kwa nini?" nilimsomea mama swali kutoka kwenye simu.

Alikuwa amechutama uani, analisugua karai kwa mchanga na kumbi la nazi. Adhana ya Magharibi ilikuwa imeshapita, na harufu ya mafuta ya samaki ingali imeganda kwenye leso yake.

"Bati," akajibu, kichwa hakukiinua.

Kidole changu kikasita juu ya kioo. Mchana wa siku ile jirani yangu wa kibandani aliniambia kwamba mwenye nyumba ya makuti hukadiriwa kiasi kidogo cha kulipia bima ya afya. Nyumba ya mama ni bati mbele, lakini jiko lake la nyuma bado ni makuti matupu. Nikasema moyoni kwamba nikichagua makuti sitakuwa nimedanganya sana.

"Mama, jikoni si ni makuti?"

Akaliweka karai chini. "Bati hili uliniekea wewe, kwa pesa za cherehani. Miaka mingapi nimelala nikihamisha kitanda mvua ikinyesha? Leo niseme halipo? Andika bati."

Nikaandika bati.

Hii ilikuwa Oktoba 2024, Mayungu, kijiji cha wavuvi baina ya Malindi na Watamu. Tarehe mosi ya mwezi ule NHIF, bima ya afya ya serikali iliyokuwapo tangu 1966, ilikwisha kazi, na mahali pake pakashikwa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kabla ya hapo tulisikia redioni mara mahakama imeibatilisha sheria mpya, mara mahakama nyingine imeruhusu iendelee, hata watu wengi wa huku wakaacha kufuatilia. Mimi sikuweza kuacha, na sababu ni baba.

Mwaka 2016 baba alianguka ndani ya mashua akivuta nanga. Hakuwa na kadi yoyote. Hospitali ya kwanza ya kibinafsi tuliyomfikisha ilitaka malipo ya kwanza kabla ya kumpa kitanda, tukachangisha ukoo mzima usiku ule kwa simu. Alilazwa siku 19, kisha Mungu akamchukua. Bili ilikuwa bado, na mwili haukutoka. Sisi maiti hatulazi, mtu akifa asubuhi alasiri yuko kaburini. Baba tulimlaza siku mbili. Siku ya tatu mama aliuza mashua na nyavu zake, tukalipa, tukamzika. Tangu hapo mama, ambaye samaki walikuwa wakimfikia mlangoni kutoka chomboni kwa mumewe, akawa anashuka pwani alfajiri na beseni kama mama karanga wengine wote, kukopa tasi na pono kwa nahodha wa watu, kuwakaanga, kuuza, na kumpelekea nahodha pesa zake jioni.

Mwaka uliofuata nikajiandikisha NHIF. Mtu aliyejiajiri alilipa shilingi 500 kwa mwezi, na kadi hiyo ilinichukua mimi na wanangu wawili. Mia tano ni gauni moja la kushona, au mawili kukiwa kubaya. Kulikuwa na miezi nililipa siku ya mwisho saa nne usiku, lakini nililipa. Mama hakuingia kwenye kadi yangu kwa kuwa kadi ilikuwa ya mwanachama, mwenzi wake na watoto. Kila nilipomwambia ajiandikishe mwenyewe alijibu, "Kusi ikipita." Kusi ikapita mara saba.

Katikati ya hayo sukari ikaja, ikamletea presha.

Wiki mbili kabla ya jioni ile, wakala wa kampuni moja ya bima alikuja kibandani kwangu Malindi. Kijana mpole, shati limepigwa pasi. Alinieleza vizuri kuhusu kulazwa, matibabu ya kwenda na kurudi, meno na macho. Mimi peke yangu, bila watoto, ilikuwa zaidi ya shilingi 30,000 kwa mwaka. Nilimuuliza habari ya mama.

"Mama ana miaka mingapi?"

"Sitini na minane."

Akaikunja karatasi polepole. Mtu mpya aliyepita sitini na mitano hawakumpokea. Na hata angekuwa na hamsini, ugonjwa alio nao tayari ungesubiri mwaka mzima ndipo uhudumiwe. Simlaumu yule kijana, alinijibu kwa adabu na kwa ukweli. Lakini alipoondoka nilikaa na mguu juu ya kanyagio la cherehani bila kukanyaga. Wale wanaohitaji zaidi ndio mlango wao mwembamba zaidi.

Basi ikabaki SHA. Kwa mwenye mshahara hesabu ni nyepesi, mwajiri hukata asilimia 2.75 akapeleka. Kwetu sisi tusio na hati ya mshahara hesabu hufanywa kwa maswali kuhusu nyumba na maisha yako, kisha unapewa kiasi, na kiasi hicho hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Na mama, kwa kuwa yeye si mume wangu wala si mtoto wangu, alihesabiwa ni kaya yake mwenyewe. Kwa hiyo usiku ule nilikuwa na watu wawili wa kulipiwa, mama na mimi.

Maswali yakaendelea. Kuta ni za nini. Sakafu. Choo. Maji mwayatoa wapi. Mwapikia nini. Usiku mwawasha nini. Kila swali mama alilijibu kwa utulivu kama mtu aliyeapishwa. Mifugo? "Kuku watano. Walikuwa sita, mmoja amechukuliwa na kicheche." Nikamwambia kuku hawahesabiwi. Akasema, "Waandike."

Mimi nilikuwa nangoja swali moja. Nilitaka waulize bahari inatoa samaki miezi mingapi. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi inavuma, mashua ndogo zinapandishwa mchangani, na mama hupitisha siku tatu, nne, bila kuwasha moto. Kaskazi ikishika, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, bahari inalala, samaki wanajaa, wageni wanajaa Watamu, na mtu anaweza kupata faida ya 400 kwa siku. Oktoba ni maleleji. Kusi imeishiwa nguvu na kaskazi haijafika, mkononi mna madeni ya miezi sita. Ndipo mtu anaulizwa bati lake, na bati ni la mwaka mzima, haliendi na upepo. Nyumba ya mama ilionekana ya mtu aliyejiweza kidogo. Aliyeiezeka alikuwa mimi, na mimi nilihesabiwa kwangu.

Jibu likaja. Mama, shilingi 430 kwa mwezi. Mimi, kwa chumba changu cha kupanga chenye stima na televisheni ya watoto, 610.

Mama akatabasamu. "Mia nne na thelathini, si nyingi. Nitatoa."

"Si ya mwezi, mama. Yalipwa ya mwaka mara moja."

Nikazidisha mbele yake. Yeye 5,160. Mimi 7,320. Pamoja 12,480. Nilimwona midomo yake ikirudia ile namba bila sauti.

Hapa ndipo naona watu wasiotoka kwenye kazi za siku kwa siku huwa hawatuelewi. Tungeombwa shilingi 15 kila jioni tungezitoa, na siku ya kukosa tungezitoa kesho. Ni kule kuzitaka zote pamoja, kwa mkono mmoja, kunakomfunga mtu aliye na nia ya kulipa.

Kwenye M-Pesa nilikuwa na 6,300. Katika hizo, 2,500 zilikuwa kodi ya kibanda na mwenye kibanda alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Zikabaki 3,800. Hazikutosha hata mmoja wetu.

"Jilipie wewe," mama akasema. "Wewe una watoto. Mimi nimeshaishi."

Maneno yale yaliniuma kuliko hesabu. Nikamwambia watoto nimeshawaandikisha, wakipata malaria au kikohozi watatibiwa zahanati bila malipo hata kama sijalipa ya mwaka. Kinachotaka malipo ya mwaka ni kulazwa, na katika sisi wote wa karibu na kitanda ni yeye. "Mimi naweza kungoja Januari, sare za shule zikija. Sukari haingoji Januari."

Akanyamaza. Kisha akaifungua pindo ya leso. Nalikumbuka lile fundo tangu utotoni, ndimo mlimotoka pesa za daftari na za mafuta ya taa. Safari hii mlikuwa na noti zilizokunjwa mpaka zimekuwa ndogo kama hirizi, na sarafu. Akazitenga mafungu mawili kwenye jamvi. Fungu la kwanza, 900. La pili, 500.

"Hizi mia tano ni zangu."

"Na hizi?"

"Za nahodha. Samaki wa leo."

Sikumwomba. Nahodha asipopata pesa zake jioni, kesho beseni la mama litarudi tupu, na kesho kutwa atakuwa ameshapata mama karanga mwingine. Amana hiyo ndiyo mtaji wake wote.

Nikazitia mia tano mkobani, nikamtumia mwenye kibanda 2,500 zake, kisha nikaingiza namba ya kitambulisho cha mama, nikaandika 5,160, na 1,360 zilizopungua nikafuliza, nikazikopa kwa M-Pesa. Ujumbe ukaingia kwangu, na baada ya muda mwingine ukaingia kwenye kabambe lake. Hakujua kuusoma. Aliishika ile simu kwa mikono miwili, akaniuliza, "Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

Akaenda kutawadha kwa Isha.

Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa ya hofu kwangu. Sikupanda boda boda hata mara moja, nilitembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi sokoni, na nikivuka barabara nilivuka nikisoma dua. Januari sare zikaja, nikashona hadi usiku wa manane, na wiki ya pili nikalipa 7,320 zangu. Siku ile nililala mapema.

Februari, mama akiparuza tasi, mwiba ulidondoka chini, akaukanyaga, ukapenya ndara na kuingia kwenye unyayo. Mwiba wa tasi una sumu, kila mtu wa pwani anaujua ukali wake, lakini kwa mwenye sukari balaa yake ni kidonda. Siku ya tano mguu ulikuwa umevimba hadi kifundoni na una harufu. Tukampeleka hospitali ya serikali, wakasema alazwe, asafishwe kwenye chumba cha upasuaji.

Mezani waliomba namba ya kitambulisho, wakasema ujumbe wenye tarakimu za kuthibitisha umetumwa kwenye simu ya mgonjwa. Simu ya mgonjwa ilikuwa Mayungu, kwa jirani, inachajiwa. Mpwa wangu alirudi na pikipiki kuifuata. Nilikaa kwenye benchi, kichwa cha mama kikiwa begani kwangu, na saa ile nzima nilikuwa namwona baba. Mpwa aliporudi alikuwa anasoma tarakimu kwa sauti tangu mlangoni.

Alilazwa siku sita. Glavu na aina moja ya dawa nilinunua nje, 1,150. Kitanda na upasuaji vililipwa na bima. Siku ya kuruhusiwa, karani aligonga muhuri kwenye karatasi na kunipa. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, leso imemfunika hadi kidevuni. Akamtazama karani, akanitazama mimi.

"Twaachiwa twende?" akauliza.

"Twaachiwa, mama."

"Hivi hivi?"

Nilimsukuma hadi nje kabla sijaweza kumjibu, kwa sababu koo lilikuwa limenikaba.

Baadaye, mwaka huo huo wa 2025, ikaja njia ya Lipa SHA Pole Pole, ya kukopeshwa malipo ya mwaka ukawa unalipa kidogo kidogo. Nilimweleza mama. Akasema deni la nahodha lamtosha.

Oktoba nilishuka Mayungu nikiwa na wasiwasi wa 5,160 nyingine. Mama alitandika jamvi, akatoa chini ya kitanda kopo la Kimbo lililotobolewa mfuniko, akalimimina. Sarafu za ishirini, zote. Tangu kesho yake ya usiku ule wa kwanza, kila siku aliyowasha moto, alikuwa akimtenga samaki mmoja kwenye sinia. Akiuzwa huyo, pesa yake haiingii kwenye leso. Majirani walishajua, mtoto akitumwa kununua huambiwa, "Mchukue samaki wa bima."

Tulihesabu mara mbili, yeye akizipanga kumi kumi. 4,640.

"Zapungua mia tano na ishirini," nikasema, na mkono wangu ukaenda kwenye mkoba.

Mama akanishika kifundo cha mkono. Akaifunua sinia iliyofunikwa gazeti, tasi wadogo waliokaangwa, wamepangwa vichwa upande mmoja. Akawahesabu kwa kidole, ishirini na sita.

"Kaa," akasema. "Watu wakitoka msikitini wataisha."