Jumapili asubuhi, Impreza yangu ya 1999 na barabara ya Magadi

Nimekaa na hii gari miaka minne sasa na bado nikichukua ufunguo pale mezani moyo unaanza kudunda. Ni Subaru Impreza WRX STI ya 1999, ile bodi ya GC8, wenye wanajua wanajua, ya buluu, milango minne, gia tano za mkono, na ule mdomo mkubwa wa kuvuta hewa juu ya boneti.

Haya mapenzi yalianzia kwa baba. Mwaka wa 1997 alitubeba na pikapu yake tukaenda kuona Safari Rally, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, tukasimama juu ya kichuguu tangu asubuhi tukila mayai ya kuchemsha. Kwanza ukaona helikopta, halafu wingu la vumbi kwa mbali, halafu ukasikia ile sauti ya Subaru kabla gari yenyewe haijatokea. Buluu na njano, ile 555 ya wadhamini wao ubavuni, ikapita ikaisha, na baba akapiga kelele sijawahi kumsikia akipiga tena maishani. Colin McRae ndiye alishinda mwaka ule, na 2000 Richard Burns akashinda tena na Impreza. Na sisi wenyewe tulikuwa na Patrick Njiru akiendesha Subaru, Mkenya wetu, kwa hivyo usishangae ukiona hii gari inapendwa hivi huku kwetu.

Ile sauti watu huniuliza sana inatoka wapi. Injini ya Subaru pistoni zake hazisimami, zimelala, mbili kushoto mbili kulia zinapigana ngumi kama mabondia. Sasa mabomba ya moshi kutoka pande hizo mbili kwenye gari kama yangu hayalingani urefu, moshi wa upande mmoja unafika kwa turbo (feni inayozungushwa na moshi ili iishindilie injini hewa) ukiwa umechelewa kidogo, na ndio unasikia ule mngurumo wa kuvunjika vunjika, dug-dug-dug, asubuhi ikiwa baridi hadi vioo vya jirani vinatetemeka (nimezoea kuisukuma na mkono hadi kwa geti ndio niwashe, watu wanalala). Kuna watu wanabadilisha wanaweka mabomba yanayolingana na wanasema gari inapumua vizuri zaidi, sawa, lakini mimi hapana, hiyo sauti ndio ilinileta hapa.

Kwa karatasi ina nguvu za farasi 280, na hiyo namba ina hadithi, maanake watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana hakuna atakayetangaza gari ya zaidi ya 280, mkataba wa heshima tu, ukakaa hadi 2004. Gari yenyewe haifiki kilo 1,300. Ukiweka nguvu hiyo kwa uzito huo na magurudumu yote manne yanavuta, yaani huhitaji kuambiwa.

Lakini raha ninayotaka kuwaeleza haiko kwa spidi kubwa, na hii watu hawaamini. Thika Road ukiendesha 110 hii gari inachosha, kelele nyingi. Raha yake iko kwa kona, gia ya tatu, 70 au 80, barabara ikiwa tupu. Ndio maana Jumapili saa kumi na moja na nusu niko Kiserian tayari, nawahi kabla ya pikipiki na lori, napita Kona Baridi, na pale bonde lote linafunguka mbele yako na jua ndio linaanza kupaka rangi milima ya mbali.

Kuanzia hapo ni kushuka. Breki unamaliza kabla ya kona, gia unashusha, macho unayatuma mbele kule kona inakoishia, halafu unakanyaga mafuta polepole na unasikia mgongoni magurudumu ya nyuma yakisukuma na ya mbele yakivuta, pua inaingia ndani pale pale ulipotaka. Injini imelala chini kwa hivyo uzito uko chini, gari haiyumbi. Na usukani ni wa haidroliki, hauna mota ya umeme, kokoto ndogo tu ikipita chini ya tairi unaijua kwa vidole. Nimeendesha gari mpya za watu, zina nguvu kuliko yangu, lakini zimenyamaza. Hii inakuambia kila kitu, na ukikosea inakuambia pia, mapema.

Kitu kingine, Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inakosa pumzi huku juu. Turbo inajishindilia hewa yake yenyewe, injini ikiwa chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika inasinzia kidogo, halafu inaamka yote kwa mara moja na unasukumwa kitini. Ukishuka kuelekea Magadi hewa inakuwa nzito lakini ya moto sana, na kipoza hewa, kile kinachopoza hewa ya turbo kabla haijaingia, kiko juu ya injini, kikipata joto nguvu zinapungua, kwa hivyo kule chini naenda mdogo mdogo, nasimama, naacha injini ingurume dakika moja hivi turbo ipoe ndio nizime. Ng'ombe wa Wamaasai wakivuka nangoja pia, hapo kwao.

Kuitunza ni kazi. Plagi zimejificha ubavuni, fundi anatoka na mikono imechunika, oili napima kila Jumamosi bila kukosa, na kwa foleni inakunywa petroli vibaya. Sijawahi kujutia hata shilingi.

Baba ana miaka 71 sasa. Mwezi jana nilimbeba hadi Olepolos, barabara hiyo hiyo ya Magadi, hakusema kitu njia nzima, ameshika tu mpini wa mlango, tukifika akaniambia nisizime kwanza. Tukakaa pale vioo vimeshuka tukisikiliza. Belti ya taimingi imekaribia kilomita zake, nimeshaagiza ingine, ikifungwa tu tunarudi na yeye, na safari hii anataka tufike hadi ziwani Magadi.