Nyuma ya guta la taka, Ngamiani hadi Mpirani

Ukitoka Dar kwa basi, ukishapita Segera unaingia Hale, na mashamba ya mkonge yanakusindikiza kando ya njia. Wazee wa mkonge watakwambia kwamba singa, yaani nyuzi, inayouzwa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Mengine yote yalikuwa yakimwagwa nje ya korona, kiwanda cha kuchambulia mkonge, yanaoza, yanatiririka mtoni. Hapo Hale ndipo ulipojengwa mtambo wa kuyavundisha mabaki hayo, ukatoa gesi ya kufua umeme. Nilikuwa nakwenda Tanga kufuata taka za mjini, zinatoka wapi na zinaishia wapi, na jambo hilo lilinikaa kichwani hadi Muheza, kwenye machungwa.

Shangazi yangu anaishi Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, kuanzia ya kwanza hadi ya 21. Asubuhi na mapema guta, kile chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mzigo, likasimama mlangoni. Kijana akashuka, akaamkia, shangazi akamtolea ndoo mbili: moja ina maganda ya ndizi, mabaki ya wali na magamba ya samaki, nyingine ina chupa, makopo na karatasi.

"Bibi, nyumba zote zingekuwa kama yako, saa nne ningekuwa nimeshamaliza," kijana alisema.

"Mwanangu, mimi sipendi tu kuchanganya uvundo na vitu vikavu. Hakuna aliyeniambia."

Nikaomba kufuatana naye. "Twende dada, ila vaa viatu vya kufunika." Nikavaa.

Nyumba zilizofuata zilitoa mifuko iliyofungwa, kila kitu ndani: nepi, maganda ya mihogo, vipande vya vioo, betri. Kijana alikuwa akiifungua mwenyewe, kwa mikono isiyo na glovu, kuitafuta chupa moja ya maji iliyolowa mchuzi wa dagaa. Kazi anayoifanya pale barabarani ingefanywa jikoni kwa kutumia ndoo ya pili, bila mtu kujikata. Kwa kweli iliniuma. Huyu ndiye mtu anayeuweka mji wetu safi, na ada ya taka anayoidai nyumba kwa nyumba wengine wanamjibu arudi kesho.

Tulipita Soko la Mgandini. Hapo ndipo unapoiona taka ya Tanga ilivyo: majani ya mchicha, kabichi zilizooza, maganda ya machungwa, vifuu vya madafu, makumbi. Plastiki ipo, lakini ni ya kutafuta. Na si Tanga peke yake. Katika miji mingi ya nchi zetu zaidi ya nusu ya taka ni vitu vinavyooza. Kwa hiyo tunapopanga bajeti ya malori na mafuta, sehemu kubwa tunalipia kusafirisha maji yaliyomo ndani ya maganda. Mama mmoja muuza mboga alikuwa ameweka pembeni kiroba cha majani. Nikamuuliza ni cha nani. "Cha mwenye ng'ombe, atakipitia." Tanga ni mji wa maziwa, watu wanafuga ng'ombe wa kisasa mabandani huku huku mjini, na kiroba kile kilikuwa kimeshapata mteja kabla jua halijawa kali.

Kabla ya kizimba, mahali pa kukusanyia taka za mtaa, kijana alikata kona kwenye yadi ya mnunuzi wa plastiki, na hapo nilikaa muda mrefu. Mizani inaning'inia mlangoni. Ndani, akina mama wamekaa kwenye viti vifupi wanatoa vifuniko, wanachana lebo, wanatenga chupa nyeupe na za rangi, madumu ya mafuta kando. Nikauliza kwa nini kifuniko kitolewe wakati nacho ni plastiki. Mama mmoja akanyanyuka, akachota konzi ya vipande vilivyosagwa akavitupa kwenye pipa la maji. Vipande vya chupa vikazama. Vya vifuniko vikabaki juu vinaelea. "Umeona? Ni ndugu lakini si baba mmoja. Ukiviyeyusha pamoja, mali imeharibika." Chupa safi, kavu, isiyo na kifuniko ina bei yake, iliyotoka kwenye mfuko wenye mabaki ya chakula inakatwa bei, au inarudishwa. Hasara hiyo haimpati mwenye nyumba aliyeichanganya, inampata kijana wa guta.

Hapo nilielewa kwa nini kampeni nyingi za kuokota plastiki hazifiki mbali. Tunahangaika na plastiki, wakati kinachoiharibu plastiki ni chakula tulichokitupa pamoja nayo. Kibichi, yaani kinachooza, kitengwe, na kikavu kinakuwa biashara chenyewe, bila semina.

Kwenye kizimba, mifuko iliyobaki ilipakiwa kwenye lori. Dereva, mzee mpole, aliniruhusu nikae mbele. Tulielekea dampo la Mpirani, na kila tuliposimama nilisikia maji yakidondoka nyuma. Dampo la kisasa kazi yake si kupokea tu: chini linatandikwa tabaka la kuzuia maji machafu yasizame ardhini, yale yanayochuja yanakusanywa, taka inashindiliwa na kufunikwa udongo. Lakini hata lijengwe vizuri namna gani, likijazwa vitu vibichi linajaa haraka, na vikioza bila hewa vinatoa methani, gesi inayoipasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksaidi ukihesabu kwa miaka 20. Tena mlima wa taka iliyolowa unaweza kuporomoka. Koshe, Addis Ababa, Machi 2017, watu zaidi ya 100 walifukiwa. Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, zaidi ya 30. Waliokufa walikuwa na nyumba zao kando ya dampo, na wengine walikuwa wanaokota.

Jioni nilitembea ufukweni upande wa Raskazone. Mvua za masika zikinyesha, mitaro ya mji inamwaga baharini kila ambacho guta halikukifikia. Mifuko ya rambo imepungua sana tangu marufuku ya tarehe 1 Juni 2019, na hilo tujipongeze, kwa sababu wengi walisema haitawezekana. Sasa wavuvi wanalalamikia chupa na vifungashio.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa ziweke utaratibu wa kutenganisha taka pale zinapozalishwa, na hadi ukubwa na rangi ya vyombo vya kuwekea imevitaja. Zaidi ya miaka 20! Na mahali pa kujifunza tunapo: Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande kinachopokea taka za masokoni. Kinachokosekana ni ratiba. Mtu akitenganisha ndoo mbili halafu lori likaja kuzimwaga pamoja, wiki ya pili hatatenganisha tena, na hana kosa.

Nilimweleza hayo mwenyekiti wa mtaa, shangazi na kijana wa guta wakiwepo barazani. Mwenyekiti akauliza swali lililonipendeza: "Hiyo mbichi ikitengwa, nani anaipokea? Maana nikiwaambia watu watenge halafu ikanivundia hapa, watanila mimi."

Kijana akajibu kabla yangu. Anawajua wafugaji, na anajua anayetengeneza mboji kwa ajili ya bustani za mchicha. Akipewa siku mbili katika wiki za kubeba mbichi tupu, hahitaji kuongezewa ada, kwa sababu safari ya kizimbani itapungua na chupa zake zitakuwa safi. Alichoomba ni glovu, buti na kitambulisho cha mtaa, asifukuzwe milangoni kama mwizi.

Wakakubaliana kuanza na barabara mbili, Jumanne na Ijumaa. Shangazi akasema yeye atapita nyumba kwa nyumba kuwaonyesha akina mama ndoo zake, na mwenyekiti akaandika majina ya nyumba za kuanzia.